Habari za Choo cha Uani katika Nyumba za Kupanga

Katika yote yaliyoandikwa juu ya nyumba za Waswahili, mlango ndio uliopata sifa kubwa. Nakshi zake zimechorwa, zimepimwa, zimelinganishwa na za Bara Hindi na za Uarabuni. Baraza nayo imepata fungu lake, kwa kuwa hapo ndipo wazee walipoketi na ndipo siasa iliposemwa. Choo hakikupata mwandishi. Sababu haihitaji kutafutwa mbali, maana aibu ni bawabu mkali. Walakini mtu yeyote aliyepata kukaa katika nyumba ya kupanga ya Kariakoo, Ilala au Magomeni atakiri kuwa hapakuwa na mahali katika nyumba ile palipowafunza watu kuishi pamoja kupita kibanda kile kidogo cha nyuma. Mlango wa mbele ulikuwa wa mwenye nyumba. Chumba kilikuwa cha mwenye kodi. Choo kilikuwa cha wote.

Nia ya makala haya ni kueleza choo hicho kilitoka wapi na watu waliishi nacho vipi. Nimesukumwa na neno ambalo husikia mara kwa mara kwa wanafunzi wangu. Waliozaliwa katika nyumba zenye choo cha ndani hucheka na kusema kuwa choo cha uani ndiyo mila ya uswahilini. Wanasema kwa mzaha, lakini mzaha huo una ukoo. Maofisa wa serikali za kikoloni waliunena kwa uzito: kila kabila la watu lina desturi zake za usafi, kwa hiyo kila moja likae mtaa wake. Mimi naona katika neno hilo mambo mawili yamefungwa kamba moja, nayo yapasa kufunguliwa. Choo kuwa nje ni jambo moja. Choo kuwa cha watu wengi wasiojuana ni jambo jingine. La kwanza lina asili katika desturi. La pili lina asili katika kodi ya chumba.

Tuanze na magofu, maana mawe hayana haya. Gede, karibu na Malindi, ni mji uliokufa na kufunikwa na msitu, na James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948. Katika nyumba alizozifukua vilionekana vyoo ndani ya kuta zile zile za makazi, pamoja na mashimo yake na mahali pa mtu kujisafishia kwa maji. Songo Mnara, jirani ya Kilwa, mji wa karne ya 14 na 15, una nyumba zenye mpango wa namna hiyo. Katika nyumba za mawe za Lamu, zilizojengwa karne ya 18, choo kilikuwa na birika la maji ukutani, na ndani ya birika waliwekwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Mtu aliyefikiri mpaka kumpa samaki kazi ya kulinda maji ya chooni hawezi kuitwa mtu asiyejua usafi.

Yapasa kusema upesi kuwa hizo zilikuwa nyumba za waungwana. Watumwa wao na watu wa hali ya chini walilala katika vibanda vya udongo na makuti, na wengi walikwenda porini au ufukweni. Huko mashambani, aliyekuwa na choo alikichimba nje, nyuma ya nyumba, akakizungushia ua wa makuti. Alifanya hivyo kwa sababu jiko na choo havikai pamoja, na kwa sababu shimo lina harufu, na upepo ni dawa ya bure. Hii ndiyo sehemu ya desturi. Lakini choo hicho cha shamba kilikuwa cha watu wa nyumba moja. Aliyekitumia alikuwa baba, mama, mtoto, shangazi, au mgeni aliyekaribishwa kwa jina lake. Hapakuwa na mtu aliyelipa fedha ili apate haki ya kukiingia.

Sasa tuje Dar es Salaam. Mji huu ulianzishwa na Sultani Majid katika miaka ya 1860, Wajerumani wakaufanya makao makuu ya utawala wao mwaka 1891, na Waingereza wakautwaa Septemba 1916. Vita hiyo ndiyo iliyotupa jina la Kariakoo: ndipo walipokusanywa wapagazi wa jeshi la Waingereza, na jina la Kiingereza la kikosi chao likageuzwa na ndimi zetu. Nairobi nao wana Kariokor yao iliyozaliwa na vita ile ile. Ni ajabu kidogo kwamba miji miwili mikubwa ya Afrika ya Mashariki ina mitaa iliyopewa jina la wabeba mizigo.

Mwaka 1913 daktari Mwingereza, Profesa W. J. Simpson, alitumwa kutazama hali ya usafi katika Kenya ya leo, Uganda na Unguja. Shauri lake lilikuwa kwamba Wazungu, Wahindi na Waafrika watengwe, kila watu na makazi yao, ili maradhi yasivuke. Shauri hilo lilitembea kuliko mwenyewe. Katika Dar es Salaam ya Waingereza mji uligawanywa kanda tatu. Sheria ilitaja aina ya majengo, haikutaja rangi ya watu, lakini kila mtu alijua maana yake. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi katikati, kati ya maduka ya Wahindi na mji wa Waafrika. Leo watu hupumzika pale kivulini bila kujua kuwa nafasi ile iliachwa ili pumzi zao zisifike upande wa pili.

Ng'ambo ya uwanja huo ndipo ilipostawi nyumba ambayo wachunguzi wameiita nyumba ya Kiswahili. J. A. K. Leslie, aliyefanya uchunguzi wa mji katika miaka ya 1956 na 1957 na kitabu chake kikatoka mwaka 1963, aliieleza vizuri. Ni nyumba ya pembe nne, ina baraza mbele, ujia katikati, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia. Ujia hutokea uani, na uani kuna jiko, stoo, na choo. Kuta zilikuwa za miti na udongo, paa la makuti, baadaye la madebe yaliyofumuliwa, halafu la mabati. Ramani hiyo ni nyepesi, na wepesi wake ndio uliokuwa faida yake. Nyumba ya vyumba sita yenye familia moja ni nyumba ya familia. Ukitia kufuli katika kila mlango inakuwa nyumba sita. Hakuna ukuta wa kuvunja wala wa kuongeza. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki hupangisha.

Hapa ndipo ilipo hesabu ambayo wasemao "mila" hawaipigi. Kodi hulipwa kwa chumba. Chumba kimoja zaidi kilimletea mwenye nyumba fedha kila mwezi. Choo kimoja zaidi kilimletea gharama ya kuchimba, gharama ya kujengea, na kilikula kipande cha ua ambacho kingeweza kuwa chumba cha saba. Kwa hiyo vyumba viliongezeka mpaka uani, na choo kilibaki kimoja. Mwenye nyumba huyo aghalabu hakuwa tajiri. Mara nyingi alikuwa mzee aliyejenga kwa akiba ya miaka mingi, au mwanamke mjane ambaye vyumba vile vinne au vitano ndiyo mali yake yote na ndiyo kinga yake ya uzeeni. Simlaumu. Nasema tu kuwa hesabu ilikuwa ile ile kwa mwema na kwa mbaya.

Na watu walizidi kuja. Hesabu ya mwaka 1957 ilikuta mjini watu zaidi ya 128,000. Ile ya mwaka 1967 ikakuta zaidi ya 272,000. Katika miaka 10 mji ulikuwa zaidi ya maradufu. Mashimo ya vyoo hayakuongezeka maradufu.

Nairobi jambo hili lilichukua sura nyingine, na kulinganisha kunasaidia. Katika Pumwani, mtaa uliopimwa kwa ajili ya Waafrika katika miaka ya mwanzo ya 1920, watu walijenga nyumba zao wenyewe, na wengi wao walikuwa wanawake, lakini vyoo vilikuwa vya halmashauri ya mji, vimejengwa katika safu, vya kutumiwa na mtaa mzima. Katika nyumba za reli za Muthurwa, ambazo watu waliziita landi, ilikuwa safu za vyumba vya mtu mmoja na vyoo vya pamoja. Msingi wa mpango huo ulikuwa mshahara. Mfanyakazi Mwafrika alihesabiwa kuwa kapera hata kama ana mke na watoto wanne kijijini, akalipwa na kulazwa kama kapera. Kamati ya Carpenter ya mwaka 1954 ndiyo iliyosema waziwazi kuwa mshahara wa namna hiyo haufai, na kwamba mtu alipwe kiasi cha kutunza jamaa yake. Mahali pa kulala pakihesabiwa kwa kitanda, choo nacho huhesabiwa kwa kitanda. Tofauti ya Dar es Salaam ni kuwa choo kilikuwa ndani ya ua, chini ya jicho la mwenye nyumba, na watumiaji wake walijuana kwa majina. Kwa sababu hiyo adabu yake ilikuwa nzito zaidi.

Juu ya shimo lenyewe nitasema machache, ingawa mafundi wake wangestahili makala yao. Ardhi ya Kariakoo na Ilala ni mchanga. Shimo lisilozuiwa huporomoka, basi lilijengewa kwa mapipa yaliyotobolewa matako na kupangwa moja juu ya jingine, au kwa mawe, na baadaye kwa matofali ya saruji. Katika masika maji ya ardhini hupanda, na shimo lililokuwa nusu wiki iliyopita huonekana limejaa. Likijaa kweli, lilifukiwa, na jingine likachimbwa kando. Katika nyumba iliyokaa miaka 40 ua huwa kama ubao wa bao: mashimo yamepangwa, mengine yamejaa, moja ndilo linachezwa. Nafasi ilipokwisha waliitwa wale ambao mji uliwapa jina la vyura, wanaume walioshuka shimoni kwa ndoo usiku na kuondoka kabla ya alfajiri. Kazi yao ilijulikana na kila mtu, na jina la mtu mmoja mmoja halikujulikana na yeyote. Fundi wa Kiislamu alipopanga tundu alihakikisha kuwa mtu akichutama haelekei kibla wala hakipi kisogo, na mpangaji Mkristo alichutama hivyo hivyo bila kuambiwa sababu.

Mtu wa serikali aliyelijua shimo ni Bwana Afya. Alikuja na daftari, akainama, akachungulia, akaandika. Katika kumbukumbu za serikali choo cha uani kimo kwa njia hiyo tu: kimejaa, hakina mfuniko, kina nzi, mwenye nyumba aonywe. Maandishi hayo ni ya kweli na yana faida kwa mwanahistoria. Lakini yanatuambia habari za shimo. Ya watu hayatuambii kitu. Kwa habari za watu hatuna budi kuuliza waliokaa humo, na wengi wao wamezeeka.

Mimi mwenyewe nilikulia katika nyumba ya namna hiyo mtaa wa Ilala, katika miaka ya mwisho ya 1980. Bibi yangu ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Vyumba vilikuwa sita ndani na viwili uani, na watu, kwa hesabu yangu ya kitoto, walikuwa 27. Choo kilikuwa kimoja, na ubavuni mwake bafu moja. Kuta zilikuwa za matofali, mlango wa bati lililopigiliwa kwenye ubao, na komeo lake lilikuwa la ndani tu. Nitaeleza desturi za nyumba hiyo kwa sababu ndizo nizijuazo, na wazee niliowauliza baadaye katika Magomeni na Kariakoo walinieleza mambo yanayolingana nazo.

Desturi ya kwanza ilikuwa ya sauti. Mtu hakubisha mlango wa choo, maana kubisha ni kumwita mtu atoke. Alikohoa akiwa mbali, hatua kama 10 hivi. Aliye ndani alijibu kwa kukohoa. Hakuna jina lililotajwa, wala hodi haikupigwa, kwa kuwa hodi inataka karibu, na nani atasema karibu kutoka mahali pale? Baada ya muda kila mtu alijua kikohozi cha kila mtu. Bibi aliweza kuketi jikoni, mgongo umegeukia ua, na kusema nani ameingia na kwamba leo hana raha.

Ya pili ilikuwa ya kopo. Maji yalichotwa katika pipa kwa kopo, na mtu aliyevuka ua na kopo mkononi alikuwa ametangaza safari yake. Kwa mtoto haikuwa neno. Kwa mtu mzima ilikuwa mtihani, na mtihani mkubwa ulikuwa wa wakwe. Mkwe wa kiume hakuthubutu kuvuka ua na kopo mama mkwe akiwa jikoni. Nimeambiwa habari za wanaume waliorudi na haja zao kitandani na kungoja magharibi. Bibi harusi naye alikuwa na shida yake. Fungate ni siku saba za kukaa ndani, lakini siku saba hazizuii haja. Wazee wa kike walinieleza kuwa katika nyumba za kupanga somo wa bibi harusi alitangulia uani na kujifanya anatafuta kitu, na wanawake wote waliokuwa pale wakaondoka mmoja mmoja, kila mmoja kwa kisingizio chake, mpaka ua ukawa mtupu. Hapana aliyeambiwa aondoke. Katika mji ambao faragha haikuweza kujengwa kwa ukuta, watu waliijenga kwa migongo yao.

Lugha ilifanya kazi hiyo hiyo. Tazama wingi wa maneno tuliyo nayo ya kutosema jambo: kwenda haja, kujisaidia, kwenda msalani, kwenda maliwatoni, kwenda uani. Neno msala ni la kustaajabisha, kwa maana lina maana mbili zilizo mbali kama mbingu na ardhi: mkeka wa kuswalia, na choo. Nadhani udhu ndio uliozikutanisha, kwa kuwa mtu hutangulia kujitakasa kabla ya kusimama kwenye sala, na aliyesema anakwenda kwa ajili ya sala hakulazimika kusema anaanzia wapi. Neno uani lina historia fupi na ya mjini zaidi. Mtu asemaye anakwenda uani anadhania nyumba yenye ua nyuma na choo ndani ya ua, ndiyo hiyo nyumba ya Leslie. Nimelisikia likitumiwa na watu wakaao ghorofa ya tano.

Ya tatu ilikuwa ya ufagio. Usafi wa choo ulikuwa wa zamu, chumba kwa chumba, na waliofagia na kumwaga maji walikuwa wanawake, hata katika chumba ambacho mume hakuwa na kazi na mke alikuwa na mtoto mgongoni. Zamu haikuandikwa. Ufagio wa chelewa uliegemezwa kando ya mlango wa anayehusika; alipomaliza, aliuegemeza kwenye mlango unaofuata bila kusema neno. Kapera wa chumba cha nne alimlipa jirani yake amfanyie. Ugomvi mwingi wa nyumba ile, nasema bila kutia chumvi, ulikuwa ugomvi wa ufagio: umeletwa kabla ya siku, umerudishwa pasipo kazi, umekutwa mlangoni kwa mtu aliyesafiri.

Nilipokuja kusoma habari za miji ya Ulaya nilikuta ufagio huo umevaa nguo nyingine. Katika Glasgow, Uskoti, wafanyakazi wa viwanda na wa gati walikaa katika majumba marefu ya mawe yaliyogawanywa vyumba kimoja kimoja au viwili viwili, na jamaa kadhaa walitumia choo kimoja kilichokuwa kwenye ngazi au katika ua wa nyuma. Huko zamu ya kuosha ngazi za pamoja ilijulishwa kwa kadi ndogo iliyotundikwa mlangoni, na ikipita mlango kwa mlango. Katika New York ilibidi sheria ya mwaka 1901 iamuru kuwa kila makazi katika nyumba mpya za kupanga yawe na choo chake, na wenye nyumba waliipinga mahakamani. Hapana aliyesema kuwa choo cha pamoja ni mila ya Waskoti. Watu waliona viwanda, mshahara mdogo na kodi, wakasema ni viwanda, mshahara mdogo na kodi.

Sitaki msomaji adhani kuwa nakisifu choo hicho. Usiku kilikuwa adui wa wanawake. Taa ya uani haikuwapo, au ilikuwapo na mwenye nyumba akaizima kwa kuogopa bili, na ua wenye njia ya nyuma huingiwa na mtu yeyote. Wanawake walikwenda wawili wawili, au walitumia ndoo chumbani na kuimwaga alfajiri kabla wanaume hawajaamka. Watoto walikuwa na hofu ya majini, ambao kila mtu alijua kuwa chooni ndiko wakaako, na tulikatazwa kuimba mle ndani. Nafikiri katazo lile liliwafaa wakubwa kwa sababu nyingine, maana mtoto aimbaye hatoki. Asubuhi saa 11 hadi saa 1 palikuwa na foleni ya watu wanaokwenda kazini, na mwenye tumbo la kuharisha alikuwa hana mahali pa kujificha.

Hili la tumbo la kuharisha ndilo nilitakalo kulikalia zaidi, kwa kuwa hapo ndipo choo cha pamoja kilipoacha kuwa kichekesho. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Miaka michache baadaye ugonjwa ulikuwa Dar es Salaam, na katika nyumba za kupanga haukutambuliwa kwanza hospitali. Ulitambuliwa uani. Watu walihesabu mara ambazo mtu ameuvuka ua. Walisikia kikohozi kile wanachokijua kikibadilika. Mtu aliyeweza kuficha barua ya daktari chini ya godoro hakuweza kuficha njia ya kwenda chooni.

Katika nyumba yetu alikuwapo kijana wa chumba cha pili, mpakuzi wa mizigo bandarini, mpole, aliyetupa watoto senti za kununua kashata. Alipoanza kudhoofika wapangaji walikuja kwa bibi usiku, watano pamoja. Walitaka kijana atolewe. Ikiwa hatolewi, basi awe na kopo lake, na choo kioshwe kwa dawa kila atokapo, na yeye mwenyewe ndiye aoshe. Wakati ule watu wengi waliamini kuwa maradhi yale hushikwa kwa kukaa mahali alipokaa mgonjwa. Si kweli, na serikali ilikuwa ikisema redioni kuwa si kweli, lakini redio haikai nyumba ya kupanga.

Bibi hakuwa msomi na hakubishana nao juu ya dawa. Alisema kodi ya kijana imelipwa hadi mwisho wa mwezi wa nne. Kisha akasema jambo ambalo siku zile sikulielewa: kwamba chumba cha pili kiko mbali na choo. Kesho yake alimhamisha mama mmoja kutoka chumba cha uani, kilichokuwa hatua nne tu kutoka choo, akampa chumba cha pili kilicho kizuri zaidi kwa kodi ile ile, na kijana akaingia chumba cha uani. Ufagio ulipofika mlangoni kwake bibi aliuchukua yeye mwenyewe. Wapangaji wawili walihama. Wengine walibaki, na mmoja wao, ambaye usiku ule alisema maneno makali kuliko wote, alionekana baada ya majuma kadhaa akimshika mkono kijana kumvusha hatua zile nne. Kijana alifariki kabla ya kodi yake kwisha. Sijui nyumba ngapi zilifanya kama ile na ngapi zilimtupa mgonjwa nje. Zote mbili zilikuwapo, na daftari la Bwana Afya halina safu ya kuandika jambo hilo.

Serikali huru haikukaa bure. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma, na vyoo vingi sana vikachimbwa vijijini. Ni moja ya kazi kubwa za elimu zilizopata kufanywa katika bara hili. Lakini choo cha kijijini ni choo cha kaya, na kampeni haikuwa na neno kwa kaya nane zenye shimo moja. Mjini dawa ilitafutwa katika viwanja vilivyopimwa miaka ya 1970, kama Sinza na Kijitonyama, ambako watu walipewa kiwanja chenye barabara na maji wajenge wenyewe. Wengi walijenga nyumba ile ile ya vyumba sita, wakapangisha. Katika Manzese, Tandale na Vingunguti, ambako upimaji ulichelewa au haukufika, choo cha pamoja kipo mpaka leo, na kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam Agosti 2015 kilipita katika mitaa ya namna hiyo kama mtu anayerudi kwao.

Nyumba za Kariakoo zenyewe zinakwisha. Tangu miaka ya 1990 zimekuwa zikinunuliwa na kubomolewa moja baada ya nyingine, na maghorofa ya maduka yamesimama mahali pake. Nyumba ya bibi iliuzwa na warithi, na nilikuwapo siku mtambo ulipochimba msingi. Mapipa yalitokea katika mchanga, duara baada ya duara, yameliwa na kutu, matano au sita katika ua mmoja, na mafundi wakayajaza kifusi na kumwaga zege juu. Jengo jipya lina maduka katika ghorofa mbili za chini. Kila ghorofa ina choo kimoja cha kutumiwa na wafanyabiashara wote wa ghorofa hiyo, na ufunguo wake hukaa katika duka la kwanza karibu na ngazi, umefungwa kwa kamba kwenye kipande cha ubao ili mtu asiutie mfukoni akaenda nao nyumbani.